Santuri za Mama Kinanda

Mtaa mzima ulimwita Mama Kinanda, na wengi hawakuwa na habari kwamba ana jina jingine. Ukipita kwake asubuhi unasikia gitaa, ukirudi adhuhuri unasikia tarumbeta, na mwenyewe yuko jikoni au kwenye pasi, anaitikia kiitikio kama aliyeajiriwa na bendi. Santuri zake zilijaa kabati zima la sebuleni, zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Nyingine alikuwa nazo tangu hajaolewa. Alizipanga kwa mpangilio wake mwenyewe, ambao hakuwahi kumweleza mtu. Alifungua mlango wa kabati, akapenyeza mkono, akatoka na aliyoitaka bila hata kuangalia, kama mtu anayetoa kijiko kwenye droo.

Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na hata nyumbani mkewe alimwita Fundi. Yeye hakuwa mtu wa muziki. Siku nzima masikio yake yalipigwa na nyundo na mashine ya kukatia vyuma, na akifika nyumbani alichotaka ni utulivu. Mama Kinanda akisikia geti linagongwa jioni, anazima gramafoni bila kinyongo.

"Wewe kula kimya chako," alikuwa akimwambia. "Mimi nimeshiba kelele zangu mchana."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yao, na ndoa ilikwenda vizuri kwa miaka mingi.

Kiharusi kilimkuta Mama Kinanda akipiga pasi. Jirani alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua, akabisha hodi mpaka akachoka, akaingia. Alimkuta sakafuni, macho wazi, midomo inacheza na sauti haitoki. Hospitalini waliokoa uhai wake. Aliporudi nyumbani, mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu unaburuta, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, naye alikuwa mwanamke wa maneno, lilibaki moja tu: basi.

Basi ya kutaka maji, basi ya kukataa uji, basi ya kusema asante, basi ya hasira. Fundi alijifunza kuzitofautisha kwa sauti, kama anavyojua kwa mlio tu kama chuma kimeshika au bado. Karakana alimwachia msaidizi wake asubuhi, yeye akawa anakwenda mchana jirani akija kukaa na mgonjwa. Alijifunza kumvalisha, kumlisha, kumsuka nywele vibaya. Mambo ya mwili yaliwezekana. Kilichomshinda ni kabati.

Kila siku Mama Kinanda alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kabatini. "Basi," anasema. Fundi anachomoa santuri moja, anamwonyesha. Anatikisa kichwa. Anachomoa nyingine. Kichwa. Nyingine tena. Wakati mwingine Fundi alichoka akaweka yoyote, na mkewe akaisikiliza kwa adabu, kama mgeni anayekula chakula asichokipenda. Siku moja alimchomolea santuri mpaka zikajaa mkekani, na alipoinua macho akamkuta analia bila sauti, chozi linashuka upande mmoja tu wa uso.

Binti yao alikuwa mwalimu wa chekechea katika mji mwingine. Alikuja likizo, akaona, akafunga kanga kiunoni.

"Baba, hizi tuzipange kwa alfabeti. Majina ya waimbaji, A mpaka Z. Nimekuja na kadi za herufi za watoto wangu. Mama atagusa herufi, wewe utakwenda moja kwa moja kwenye fungu lake. Mchezo umekwisha."

Fundi alifurahi mpaka akacheka peke yake. Kazi ya kupanga aliiweza. Alikata vipande vya bati, akavipinda vikasimama, akaandika juu ya kila kimoja herufi kwa rangi nyeupe. Binti alisoma majina, baba akaweka. Walibishana kama mwimbaji mwenye majina mawili anakwenda kwa la kwanza au la ukoo, na kama neno "Bendi" lihesabiwe, maana likihesabiwa B itapasuka. Mama Kinanda aliwatazama akiwa kitini, na mara moja moja, santuri fulani ikipita mikononi mwa binti, midomo yake ilitabasamu upande ulioweza.

Walipomaliza, binti alizipanga kadi mezani mbele ya mama yake, safi, kubwa, za rangi.

"Mama, gusa. Unataka ya nani?"

Mama Kinanda aliziangalia. Aliinua mkono, ukabaki hewani. Akagusa moja, akaiacha, akagusa nyingine, akaisukuma. Kisha akamtazama binti yake kwa macho ya mtu aliyeulizwa kitu kwa lugha ya kigeni. Huyu alikuwa mwanamke wa kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Sasa herufi zilikuwa kwake kama wadudu waliotambaa mezani.

"Basi," alisema taratibu, kama anayeomba radhi.

Binti alizikusanya kadi moja moja, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikike. Fundi alimsikia. Kwa siku zilizobaki za likizo hakuna aliyetaja kabati, na binti akaondoka akiwa amevimba macho.

Mwezi ule ule Fundi alimpeleka mkewe hospitalini kwa mtaalamu wa matamshi, dada mmoja mpole mwenye sauti ya chini. Huyu alimwonyesha picha ya kikombe. Basi. Picha ya ng'ombe. Basi. Kisha akaweka picha pembeni, akaanza kuvuma wimbo wa kulalia watoto, bila maneno, akimpigia mapigo kwenye kiganja cha kushoto.

Mama Kinanda akauchukua, tena na maneno yake, moja baada ya jingine, yakiwa mazima, yametamkwa vizuri, mpaka mwisho wa ubeti.

Fundi alisimama. Kofia ilimwanguka na hakuiokota.

"Anaongea!"

"Anaimba, mzee wangu," dada alisema. "Si kitu kimoja. Kuongea kuna mahali pake kichwani, na pale pameumia. Nyimbo zina njia nyingine, na kwa mama njia hiyo imesalimika. Usimlazimishe aseme. Na sitakudanganya, huenda maneno yasirudi. Lakini nyimbo mpe, nyingi kadiri unavyoweza."

"Ana kabati zima."

"Basi una dawa nyumbani."

Jioni ile Fundi alikaa kwenye kigoda mbele ya mkewe, akapiga mapigo kwenye kiganja chake kama alivyoona. "Unataka ipi, bibie? Niimbie."

Mama Kinanda alifumba macho. "Barua yako imelowa mvua," aliimba, "wino umetambaa, sijui umeniambia nini..."

Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani, ila ilikuwa yake. Fundi aliruka kwenda kabatini, akasimama pale mikono ikining'inia. Santuri zilikuwa zimepangwa kwa majina ya waimbaji. Nani aliimba barua iliyolowa mvua? Alisoma majina ya nyimbo, moja moja, na hakuna lililokuwa na barua wala mvua wala wino. Alifika mwisho, akaanza upya. Ndipo alipoelewa kwamba jina la wimbo ni kitu kimoja na maneno yake ni kitu kingine. Wimbo unaweza kuitwa kwa jina la mwanamke asiyetajwa mpaka ubeti wa tatu. Na mkewe hakuwa na jina la wimbo, wala la mwimbaji. Alichokuwa nacho ni mwanzo.

"Itabidi zipangwe kwa mwanzo wake," alimwambia binti kwa simu. "Maneno yale ya kwanza anayotamka mwimbaji. Yale ndiyo yaende kwa alfabeti."

"Baba, utayajuaje? Hayakuandikwa popote."

"Nitasikiliza."

"Zote?"

"Zote."

Basi yule mtu wa kimya akaanza kusikiliza muziki. Kila jioni, akishanawa masizi, alivuta kigoda karibu na gramafoni, mkewe kitini pembeni, akaweka sindano. Alisubiri magitaa yamalize mambo yao, na mwimbaji alipofungua mdomo, alinyanyua kidole kama mwanafunzi, akaandika maneno yale kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwa gundi kwenye ganda la santuri. Mwanzoni aliondoa sindano papo hapo ili aende kwenye nyingine. Mama Kinanda alimkatalia. "Basi!" alisema kwa ile sauti ya hasira, na Fundi akajifunza kuuacha wimbo uishe.

Tatizo la kwanza lilikuwa pande mbili. Santuri moja, nyimbo mbili, na haiwezi kukaa mahali pawili. Fundi alizigeuza geuza chini ya taa kama anavyokagua chuma, akaona kwamba upande mmoja mara nyingi ulikuwa umefifia, umechakaa kwa sindano, na wa pili bado unang'aa. Basi upande uliochakaa ndio alioupenda mkewe. Akapanga kwa huo.

Tatizo la pili lilikuwa herufi N. Ilijaa kabla hajafika nusu ya kazi. Nakupenda, nalia, nateseka, nilikuambia, nimerudi, ningejua, nitakufa. Alihamisha vipande vya bati, akaongeza rafu ya chini, na bado N ikafurika.

"Hawa watu!" alilalamika. "Hivi hawana mwingine wa kumsema ila nafsi zao? Nime, nime, nime, kila mtu nime!"

Mama Kinanda alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu pasi ile, kicheko kilichopinda lakini kikubwa, na Fundi akarudia malalamiko yake mara mbili zaidi ili akisikie tena. Hatimaye akaigawa N mafungu mafungu. Waliokwisha kuteswa akawaweka kwenye Nime, wanaokumbuka kwenye Nili, na wanaotoa ahadi kwenye Nita. Fungu la ahadi lilikuwa kubwa kuliko yote.

Na kulikuwa na wale wanaoanza kwa kulia tu. Ooo. Aaa. Lo, lo, lo. Fundi aliamua vilio visihesabiwe, akawapanga kwa neno linalofuata. Haikupita wiki, mkewe akaimba "Ooo," akanyamaza, akingoja santuri. Fundi akakuna kichwa. Alikata bati jingine, akaliandika VILIO, akawahamishia wote huko.

Alipoipata ile ya barua, ilikuwa jioni ya mvua ya kweli. Iliitwa kwa jina la stesheni fulani ya gari moshi, na upande wake ulikuwa umefifia kuliko zote. Mama Kinanda alipoisikia, alimshika Fundi mkono, hakumwachia mpaka sindano ilipofika katikati na kuanza kukwaruza. Fundi alisikia maneno yote siku ile. Yalikuwa ya mtu anayengoja, hajui kama ameambiwa njoo au usije. Miaka yote hiyo wimbo huu ulikuwa ukipigwa ndani ya nyumba yake, na yeye hakuwa amewahi kuusikia.

Kazi ilichukua miezi. Ilipokamilika, Mama Kinanda aliweza kuimba neno moja au mawili, na kabla hajafika la tatu Fundi yuko kwenye fungu lake, karatasi zinapita chini ya kidole, na santuri imetoka.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mchana mmoja wa joto Mama Kinanda aliimba, "Fungua dirisha nione nani kapita." Fundi akaenda kwenye F, akaiweka. Mkewe akatikisa kichwa. Akaimba tena, akitazama dirishani. Fundi alibaki na santuri mkononi. Akalifungua dirisha. Upepo ukaingia.

"Basi," mkewe alisema, na ilikuwa basi ya asante.

Tangu hapo walikuwa wakiongea. Si sana, na si kila siku. Akitaka kulala aliimba ule wa dereva anayeomba kitanda. Jirani mwenye maneno mengi akizidisha kukaa, Mama Kinanda alianza kuimba taratibu, "Mgeni, kwenu wanakungoja," na Fundi akajifanya anakohoa. Binti alipoelezwa kwa simu hakuamini. Alisema pengine ni bahati, pengine baba anasikia anachotaka kusikia. Fundi hakubishana. Hata yeye hakuwa na uhakika kila mara. Mkewe alikuwa na vitu vingi vya kusema ambavyo hakuna bendi iliyowahi kuvitungia wimbo. Hakuna aliyeimba kuhusu kiatu kinachobana, au uji uliozidi chumvi. Hapo alirudi kwenye basi, na Fundi akakisia, akakosea, akakisia tena.

Siku moja ya Jumapili, mchana, Fundi alikuwa anatia mafuta bawaba za kabati. Nyuma yake mkewe akaimba, "Moyo umeniwakia moto."

Alifurahi, maana ule ulikuwa wimbo wa kuchangamka, wenye tarumbeta. Alikwenda kwenye M, akauweka, akaongeza sauti, akarudi kwenye bawaba zake akitikisa bega.

"Moyo umeniwakia moto," mkewe aliimba tena, juu ya tarumbeta.

"Ndiyo huo, bibie, huo unapiga."

"Basi!"

Hiyo basi hakuwa ameisikia kabla. Aligeuka. Mkono wa kushoto wa mkewe, ambao siku zote ulipiga mapigo juu ya paja, ulikuwa umekamata kifua. Jasho lilimtiririka, midomo imekuwa ya kijivu. Aliimba mara ya tatu, maneno yale yale kwa tuni ile ile ya kuchangamka, kwa sababu hakuwa na nyingine, na macho yakimwomba.

Fundi alimbeba kama alivyo, bila viatu, akipiga kelele kwa jirani alete gari. Gramafoni iliachwa ikiimba ndani ya nyumba tupu.

Hospitalini walimkimbiza ndani. Baadaye daktari alitoka, akamketisha Fundi kwenye benchi.

"Ni moyo, na mmemleta kwa wakati. Lakini niliambiwa huyu mama haongei. Wewe ulijuaje ni kifua? Wauguzi wanasema ulifika mlangoni unalia, moyo, moyo."

"Aliniambia mwenyewe."

"Alisema?"

"Aliimba, daktari. Na mimi nikamwekea santuri. Anakufa mbele yangu, mimi nimempigia muziki nikacheza."

"Kisha ukageuka," daktari alisema. "Mzee, ukageuka."

Binti alifika kesho yake asubuhi, akaingia wodini. Mama yake alimtazama, akatazama mashine iliyokuwa ikilia pembeni ya kitanda, akaimba kwa pumzi ndogo, "Zimeni kelele, mpenzi wangu kalala." Binti alicheka na kulia kwa pamoja. Hakusema tena habari ya bahati.

Mama Kinanda aliishi mpaka baada ya mvua kubwa za mwaka ule. Alirudi nyumbani, akakaa kitini pake, akaimba mianzo yake, akasikilizishwa miisho. Alikufa mchana, usingizini, wimbo ukiwa umekwisha dakika chache nyuma na Fundi ameenda kuchemsha maji. Aliporudi na bakuli alijua kabla hajamfikia. Aliliweka bakuli chini, akakaa kwenye kigoda, akapiga mapigo kwenye kiganja cha mkewe muda mrefu, ingawa alijua.

Mazishi yalijaa watu. Mtaa ulikuwa kimya siku zile, na wapita njia walipunguza mwendo mbele ya nyumba bila kujua wanachokingoja. Watu walipotawanyika, binti alibaki kufunga nguo za mama yake. Akasimama mbele ya kabati.

"Baba, tukizirudisha kwa majina ya waimbaji? Mtu mwingine akitaka kitu akipate. Hivi ilivyo ni wewe peke yako unayejua."

"Nani mwingine?"

"Sijui. Wajukuu, siku moja."

"Watajifunza," Fundi alisema. "Ziache."

Binti akaziacha. Alimpikia chakula cha siku kadhaa, akambusu mkono, akapanda gari.

Kwa wiki nyingi Fundi hakuligusa kabati. Alirudi karakanani asubuhi kama zamani, jioni akarudi kwenye kile kimya alichokipenda, na kikamshinda. Alikula amesimama. Alilala mapema ili kisimkute macho.

Jioni moja, akitoka kupeleka geti kwa mteja, alipita kwenye duka la vitu vikuukuu. Muuzaji alikuwa akijaribu gramafoni aliyoiokota mahali, na kutoka ndani ya ile spika iliyotoboka mwanamke mmoja akaimba, "Kama ulipita, mbona hukubisha?" Fundi alisimama barabarani na vifaa vyake begani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia, akanunua ile santuri, ya kwanza aliyowahi kununua katika maisha yake, akaibeba nyumbani ndani ya shati.

Alifungua kabati, akavuta kigoda, akaiweka. Aliandika maneno yale kwenye karatasi kwa herufi zake nene za karakana, akabandika. Akaisikiliza tena. Baadaye akampigia binti.

"Umenunua santuri?" binti alisema. "Wewe, baba?"

"Inaanza na K."

"Na iweje ikianza na K?"

"K palikuwa na nafasi," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba binti alimsikia akipenga kamasi na kucheka pamoja. "N ingekuwa taabu. Ngoja kidogo, usikate simu. Nikuwekee usikie."

Akaisogeza simu karibu na spika.